Nyumba ya Kupangisha na Hesabu Yake

Nyumba ya kupangisha humpa mwenyewe faida ya aina mbili. Ya kwanza ni pango, fedha inayoingia kila mwezi au kila baada ya miezi sita. Ya pili ni kupanda kwa thamani ya ardhi, faida ambayo haishikiki mpaka siku ya kuuza. Katika miji ya Tanzania faida hizi mara nyingi hukaa mbalimbali. Nyumba ya Manzese au Tandale, jijini Dar es Salaam, ambayo vyumba vyake vinagombewa inaweza kuwa juu ya ardhi isiyopimwa, isiyokubalika benki. Kiwanja kilichopimwa pembezoni mwa mji kinaweza kupanda bei kila mwaka huku nyumba iliyojengwa juu yake ikikaa tupu kwa kuwa daladala hazifiki. Mnunuzi asiyeamua mapema anatafuta ipi kati ya hizo hujikuta amelipia moja huku akiisubiri nyingine.

Wenye nyumba walio wengi ni watu binafsi wenye nyumba moja au mbili, na jambo hilo lina historia yake. Mwaka 1971 serikali ilitunga sheria ya kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Majengo hayo yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 yakaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa, lililokuwapo tangu 1962. Sheria ya mwaka 1984 ya kudhibiti pango nayo iliendelea kutumika mpaka ilipofutwa mwaka 2005. Katika miaka hiyo yote mgeni aliyehamia mjini kwa kawaida alipata chumba kwa mtu aliyejijengea nyumba yake na kupangisha vyumba vilivyozidi. Hali hiyo haijabadilika sana, na ndiyo maana upangishaji bado ni biashara ambayo mtu wa kipato cha kati anaweza kuiingia.

Nyumba iliyobeba upangaji wa miji kwa miongo mingi ni nyumba ya Kiswahili: mlango wa mbele unaofungukia korido, vyumba vitatu kila upande, na uani nyuma penye jiko, bafu na choo. Kibiashara, muundo huu una busara kuliko unavyoonekana. Chumba kimoja kikikaa kitupu, vitano vinaendelea kulipa. Udhaifu wake uko uani. Choo kimoja kinachotumiwa na familia sita, pamoja na LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, moja ya kuchangia, ndivyo vinavyowahamisha wapangaji wazuri. Kwa sababu hiyo ujenzi wa sasa umeelekea kwenye safu za chumba na sebule zenye choo ndani na mita ya umeme kwa kila mpangaji, na kwenye apatimenti za vyumba viwili kwa watumishi na familia changa. Fremu za maduka zikiwekwa upande wa barabarani huongeza mapato, ila hukaa tupu muda mrefu zaidi biashara zinapolegea.

Mpangaji huanza kuipima nyumba kwa nauli. Kabla hajatazama vigae wala dari ya jipsamu, huuliza anapanda magari mangapi kufika kazini. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza kukimbia kati ya Kimara na Kivukoni mwezi Mei 2016, na daraja la Kigamboni lilipofunguliwa mwaka huohuo, mitaa iliyokuwa mbali na katikati ya Dar es Salaam ilisogea karibu bila kuhama. Dodoma ilipata wapangaji wapya kwa njia nyingine: Chuo Kikuu kilichoanza mwaka 2007 kilileta wanafunzi, na uamuzi wa mwaka 2016 wa kuhamishia serikali huko ukaleta watumishi. Anayenunua kwa kufuata miradi ya namna hiyo anafanya vizuri, mradi awe ameona kazi ikiendelea kwa macho yake. Barabara iliyoko kwenye maneno ya dalali tu haipandishi pango.

Nyumba itembelewe mara mbili kwa uchache. Mara moja iwe saa kumi na mbili asubuhi, watu wanapotoka kwenda kazini, kwa sababu saa hiyo huonyesha wakazi ni akina nani na usafiri ukoje. Nyingine iwe wakati wa masika. Mitaa ya Dar es Salaam iliyo jirani na bonde la Msimbazi hujisema yenyewe hata mvua ikiwa imekatika: kutani hubaki mstari wa tope kimo cha goti, vizingiti vya milango vimeinuliwa kwa matofali, na soketi za umeme zimepandishwa juu kuliko kawaida. Wapangaji wa nyumba za jirani ndio wa kuulizwa maji hutoka siku ngapi kwa wiki, pango ni kiasi gani, na chumba kikiachwa hukaa muda gani kabla ya kupata mtu. Hawana cha kuuza, kwa hiyo majibu yao ni ya kweli kuliko ya mtu anayesubiri kamisheni.

Hata hivyo, nyumba nyingi zinazopotea hazipotei kwa mafuriko. Hupotea kwa karatasi. Chini ya Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania Bara ni mali ya umma na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Zanzibar ina sheria zake. Kinachonunuliwa, kwa hiyo, ni haki ya kuitumia ardhi kwa muda na masharti yaliyotajwa. Haki iliyo imara zaidi mjini ni ya hati ya kumiliki ardhi, ambayo hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Ndiyo maana miaka iliyobaki kwenye hati ni sehemu ya bei: hati ya miaka 33 iliyotolewa zamani inaweza kuwa imebakiza michache. Leseni ya makazi hutolewa kwa maeneo ya mjini yasiyopangwa; muda wake ni mfupi, lakini angalau jina la mwenyewe linafahamika serikalini. Chini kabisa uko mkataba wa mauziano uliogongwa muhuri wa serikali ya mtaa. Watu wengi huuhifadhi kama hati. Mkataba huo unathibitisha kwamba watu wawili walikubaliana. Hauthibitishi kwamba muuzaji alikuwa na haki ya kuuza.

Penye hati, hatua ya kwanza ni upekuzi katika ofisi ya Msajili wa Hati. Kwa ada ndogo mnunuzi hupata taarifa ya jina lililosajiliwa, rehani kama ipo, na pingamizi lolote lililowekwa juu ya kiwanja. Hati yenyewe ikishikwa mkononi haionyeshi yote hayo, na nakala yake inayotembezwa na dalali haionyeshi kitu. Upekuzi nao una mipaka yake. Hauonyeshi mradi wa barabara wala matumizi yaliyopangwa kwa eneo hilo, na hayo huulizwa kwa ofisa mipango miji wa halmashauri na kwa wakala wa barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imeweka hifadhi ya mita 30 kila upande wa barabara kuu na za mkoa, na mahali pengine hifadhi ni pana kuliko hapo. Mwaka 2017, kati ya Kimara na Kiluvya kando ya Barabara ya Morogoro, zilivunjwa nyumba zilizokuwa ndani ya mita 121.5 kutoka katikati ya barabara, nyingine zikiwa zimekaliwa kwa miaka mingi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na fukwe za bahari na maziwa. Alama ya X nyekundu ya kubomolewa ikishachorwa ukutani, mkataba wa mauziano haumsaidii mtu.

Swali linalofuata ni la mamlaka ya muuzaji. Nyumba ya ndoa haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema hivyo, na Sheria ya Ardhi inaongeza kwa upande wa rehani. Ridhaa hiyo iandikwe na isainiwe mbele ya wakili, hata kama jina lililo kwenye hati ni la mume au la mke peke yake. Nyumba ya marehemu ina hatari kubwa zaidi. Kaka mkubwa anayeishi kwenye nyumba ya baba yao anaweza kuonekana ndiye mwenyewe, na mjumbe wa serikali ya mtaa akakubali kushuhudia, lakini sheria inamtambua msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mnunuzi anapaswa kuiona barua ya uteuzi, aende na namba ya shauri mahakamani kuihakiki, na akutane na warithi wote wazima, pamoja na dada aliyeolewa mkoa wa mbali ambaye husemwa kwamba hana neno. Huyo ndiye ambaye kwa kawaida hufungua kesi.

Apatimenti ndani ya jengo la ghorofa huuzwa kwa utaratibu wa Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo. Kila mwenye sehemu ana hati yake, na wote huchangia lifti, jenereta, ulinzi na paa. Mchango huo uulizwe mapema, kwa sababu huendelea kudaiwa hata apatimenti ikiwa haina mpangaji.

Baada ya kuridhika, mkataba huandikwa na wakili. Malipo yafanywe kwa awamu kupitia benki, na awamu ya mwisho ibaki mpaka uhamisho wa jina ukamilike. Fomu za ardhi namba 29, 30 na 35 hujazwa kwa ajili ya taarifa, kibali na uhamisho, mthamini hukadiria thamani, muuzaji hulipa kodi ya ongezeko la thamani ya mtaji ambayo kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida aliyopata, na ushuru wa stempu wa asilimia 1 hulipwa kabla ya usajili. Madeni ya kodi ya ardhi na ankara za maji yasomwe na kumalizwa na muuzaji kabla ya awamu ya mwisho, maana hufuata kiwanja na mita, na mnunuzi ndiye atakayebishwa hodi.

Upande wa fedha unahitaji hesabu ya ukweli, na hesabu hiyo haifanani na inayosimuliwa kwenye semina za utajiri. Ichukuliwe, kwa mfano, nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita inayouzwa shilingi milioni 60, kila chumba kikilipiwa 70,000 kwa mwezi. Vyumba vikijaa mwaka mzima, pango ni 5,040,000. Lakini havijai. Kila chumba kikikaa kitupu mwezi mmoja tu kwa mwaka, 420,000 zimekwenda, na zinabaki 4,620,000. Matengenezo, kuanzia gari la kunyonya choo hadi bati, vitasa na rangi, yakadiriwe 500,000. Kodi ya mapato ya pango kwa kiwango cha asilimia 10 ni 462,000. Kodi ya majengo ni 18,000, na kodi ya ardhi iwe 40,000. Kinachobaki ni 3,600,000, yaani asilimia 6 ya bei ya kununulia.

Asilimia hiyo 6 ilinganishwe na njia nyingine za kuweka fedha. Hati fungani za serikali za miaka 20 na 25, ambazo mtu anaweza kuzinunua kuanzia shilingi milioni 1, zimekuwa katika miaka ya karibuni zikilipa riba ya zaidi ya asilimia 12 kwa mwaka, bila choo cha kunyonya wala mpangaji wa kufuatwa. Nyumba huishinda hati fungani pale tu ardhi yake inapopanda thamani, au mwenyewe anapoweza kuongeza vyumba juu ya kiwanja kilekile. Kwa hiyo anayenunua nyumba iliyokwisha kukamilika, kwa bei kamili ya soko, katika mtaa ambao umeshajaa, ananunua sehemu dhaifu ya biashara hii. Nafasi nzuri zaidi iko kwenye nyumba yenye kasoro inayorekebishika: eneo la wazi la kuongeza vyumba viwili, choo kibovu kwenye mtaa mzuri, boma lililoachwa bila kupauliwa na mtu aliyeishiwa.

Mkopo ndio unaoharibu hesabu hii haraka zaidi. Mikopo ya nyumba ilipata msingi wa kisheria ulio bora mwaka 2008, na Kampuni ya TMRC, inayozipa benki fedha za muda mrefu kwa ajili ya mikopo hiyo, ilianzishwa mwaka 2010. Hata hivyo mikopo yote ya nyumba nchini bado haifiki asilimia 1 ya Pato la Taifa, na riba imekuwa ikicheza kati ya asilimia 13 na 19. Anayekopa shilingi milioni 100 kwa riba ya asilimia 15 kwa miaka 15 hurejesha takriban 1,400,000 kila mwezi, na mwisho atakuwa amelipa milioni 252. Nyumba ya bei hiyo ikiingiza pango la 800,000 kwa mwezi, mwenyewe anatoa 600,000 mfukoni mwake kila mwezi, kabla fundi yeyote hajaitwa. Mtumishi mwenye mshahara wa uhakika anaweza kubeba pengo hilo akijua kwamba anajiwekea akiba ya ardhi. Asiye na kipato kingine hawezi, na hapaswi kushawishiwa kwamba wapangaji watamlipia nyumba.

Mkopo unaofaa zaidi kwa upangishaji ni mfupi na wa kumalizia. Tuseme boma la nyumba nne za chumba na sebule limeshapauliwa kwa akiba, na linahitaji milioni 12 za lipu, sakafu, milango, vyoo na nyaya za umeme. Mkopo wa SACCOS au benki wa kiasi hicho, kwa riba ya asilimia 18 na miaka mitatu, hurejeshwa kwa takriban 434,000 kwa mwezi. Nyumba zote nne zikipangishwa kwa 150,000 kila moja, 600,000 zinaingia. Hapa pango linabeba deni na kubakiza kidogo, kwa sababu ardhi, kuta na paa havikukopewa. Njia hii ya kujenga kwa hatua, msingi mwaka huu, boma mwaka ujao, hudharauliwa kuwa ni ya watu wasio na uwezo. Katika nchi yenye riba kama hizi ni njia yenye akili. Hatari yake ni nondo zinazoota kutu na saruji inayoganda stoo, kwa hiyo kila hatua ianze pale fedha ya kuimaliza inapokuwa tayari, na kibali cha ujenzi cha halmashauri kiwe kimeshachukuliwa. Kiwanja cha makazi kikikusudiwa kuwa hosteli au nyumba ya wageni, mabadiliko ya matumizi ya ardhi huombwa kwanza.

Anayeweka nyumba rehani akumbuke kwamba akishindwa kulipa, benki humpa notisi ya siku 60 na baada ya hapo inaweza kuuza. Siku hizo ni za kwenda kuzungumza na benki kuhusu kupanga upya marejesho. Wengi huzipoteza kwa kujificha.

Nyumba ikishasimama, kazi inayobaki ni ya kila siku, na mapato hutegemea kazi hii kuliko bei iliyonunuliwa. Chumba kinachokaa miezi miwili bila mtu kimepoteza fedha nyingi kuliko ambayo mwenye nyumba angepata kwa kupandisha pango kwa 10,000. Mpangaji anayelipa kwa wakati, asiyegombana na majirani, anastahili kubakizwa hata kwa kumwachia pango la mwaka jana. Kumpata kunahitaji subira: nakala ya kitambulisho cha NIDA, namba ya simu ya mtu wa karibu, kazi anayofanya, na neno moja kutoka kwa mwenye nyumba wake wa zamani, kisha atambulishwe kwa mjumbe. Dalali, ambaye kwa desturi hudai pango la mwezi mmoja kutoka kwa mpangaji, analipwa kwa kuleta mtu yeyote. Kumchunguza mtu huyo ni kazi ya mwenyewe.

Desturi ya kudai pango la miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo humfaa mwenye nyumba, lakini ina madhara mawili. Humfungia mlango mtu mwenye kipato kizuri cha mwezi asiye na fungu kubwa kwa mara moja. Na humfanya mwenye nyumba ale fedha ya miezi ambayo bado haijafika. Paa likivuja mwezi wa nne, fedha ya fundi imeshakuwa ada ya shule. Wanaoendesha nyumba zao vizuri huigawa fedha hiyo siku ileile inapoingia: sehemu ya kumi huwekwa kwenye akaunti ya matengenezo, na ya kodi hutengwa.

Mkataba wa mwaka mmoja au chini ya hapo unaweza kisheria kuwa hata wa mdomo, lakini wa mdomo hauna msaada siku ya ugomvi. Mkataba wa kurasa mbili unatosha: majina na namba za vitambulisho, chumba kipi, pango na siku ya kulilipa, muda, nani analipa maji na taka, notisi ya siku ngapi, na amana kiasi gani. Ushuru wake wa stempu ni asilimia 1 ya pango la mwaka. Pango liandikwe kwa shilingi. Kanuni za mwaka 2025 zimekataza kutaja bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi, jambo lililowagusa hasa waliokuwa wakipangisha kwa dola Masaki na Mikocheni. Siku ya kukabidhi ufunguo, mpangaji na mwenye nyumba wapite pamoja chumba kwa chumba, wapige picha kwa simu vioo, vitasa, sinki, taa na kuta, na wasome mita pamoja. Nusu saa hiyo huondoa ubishi wote wa amana.

Umeme ndio chanzo kikubwa cha ugomvi kwenye nyumba za wengi. Penye LUKU moja, mwenye friji humlaumu mwenye pasi, na mwenye taa moja huwalaumu wote. Mita ndogo kwa kila chumba hupunguza kelele. Mita kamili kwa kila mpangaji huzimaliza. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa humohumo kwenye LUKU, na tangu Julai 2023 kiwango ni 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 7,500 kwa kila ghorofa. Kisheria kodi hii ni ya mwenye nyumba. Anayewaachia wapangaji wailipe kila wanaponunua umeme anawabebesha mzigo wake, na njia ya uungwana ni kuipunguza kwenye pango. Nyumba moja ikiwa na mita kadhaa, Mamlaka ya Mapato (TRA) iarifiwe ili kodi ikatwe kwenye mita moja tu.

Sheria ya Ardhi inamtaka mwenye nyumba atunze paa, kuta za nje na mifereji mikuu, na amwachie mpangaji aishi kwa utulivu. Kiutendaji, kinachohitaji ratiba ni vitu vichache: paa likaguliwe kabla ya masika, mashimo ya choo yanyonywe kabla hayajafurika, nyaya za umeme zipimwe na fundi mwenye leseni, na rangi ipakwe kila mpangaji anapohama. Bomba linalodondosha likirekebishwa wiki ileile, gharama ni mpira na ujira wa fundi. Likiachwa, ukuta unalowa, lipu inabanduka, na mpangaji anaanza kutafuta nyumba nyingine bila kusema. Bima ya moto kwa nyumba ya kupangisha ni ya lazima kwa akili hata pale ambapo benki haiidai.

Mwenye nyumba anayeishi mbali, mkoani au Muscat au London, anahitaji msimamizi anayelipwa. Ndugu asiyelipwa hujilipa mwenyewe, na udugu ukaharibika pamoja na hesabu. Pango liingie moja kwa moja benki au kwenye simu ya mwenyewe, si mkononi mwa msimamizi. Naye alipwe asilimia inayojulikana ya pango lililokusanywa na alete risiti na picha za kila kazi ya fundi.

Kampuni, taasisi au mfanyabiashara anapopanga, hukata kodi ya zuio ya asilimia 10 kwenye pango, akaipeleka TRA na kumpa mwenye nyumba cheti. Cheti hicho kitunzwe, kwa sababu ndicho kinachothibitisha kwamba kodi imeshalipwa. Mwenye kupangisha watu binafsi naye anawajibika kutangaza mapato yake, na daftari la pango pamoja na risiti za matengenezo ndilo litakalomtetea akikadiriwa zaidi ya alichopata. Risiti za ujenzi nazo zitunzwe miaka yote, kwa kuwa siku ya kuuza ndizo zitakazopunguza faida inayotozwa kodi.

Inabaki habari ya mpangaji asiyelipa. Hatua ya kwanza ni mazungumzo mapema, mwezi wa kwanza wa deni, huku kila ahadi ikiandikwa. Ikishindikana, notisi ya maandishi hutolewa. Kwa upangaji usio na muda maalumu, notisi isipungue kipindi cha pango, hivyo anayelipa kwa mwezi hupewa mwezi. Kung'oa mlango, kuezua bati, kukata maji au kutupa vyombo nje ni kosa, na mwenye nyumba aliyekuwa anadai anaweza kujikuta yeye ndiye anayedaiwa fidia. Mgogoro hupelekwa kwanza Baraza la Kata kwa usuluhishi. Siku 30 zikipita bila suluhu, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na rufaa yake Mahakama Kuu. Amri ya kuhama hutekelezwa na dalali wa mahakama, na amana iliyobaki baada ya kukatwa deni na uharibifu ulioonekana kwenye picha za siku ya kukabidhiana hurudishwa kwa mpangaji kwa maandishi.